Mwalimu Devota na Mlango wa Pili

Mwalimu Devota Kihwele hajui kukaa. Wenzake shuleni Idodi wanasema hata chai anainywa akitembea, kikombe mkononi, anachungulia darasa hili na lile. Kwenye vikao vya wazazi utamkuta amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa nje. Anafundisha watoto wa awali, wale wanaolia bado wakiachwa asubuhi, na kwa kazi hiyo miguu isiyotulia ni faida. Mume wake, Shedrack, dereva wa kambi moja ya watalii karibu na hifadhi ya Ruaha, alishamzoea. "Mama Samwel ni kiguu na njia," huwaambia wageni, "ila safari zake zote ni za humuhumu kijijini."

Safari zilizomtoa kijijini zilianzia kwenye kifo cha mzee Amos.

Mzee Amos alikuwa jirani yao. Msimu ule mahindi yalikuwa yamekomaa na tembo walikuwa wanavuka kutoka porini karibu kila jioni. Mzee alitoka na debe lake na tochi, akapiga kelele kama alivyopiga miaka yote, na miaka yote walikuwa wanaondoka. Jioni ile mmoja hakuondoka. Waliomzika walisema jeneza lilikuwa jepesi, na hawakusema zaidi.

Baada ya msiba, darasa la Devota liliharibika. Watoto waliokuwa wameshazoea shule walianza tena kulia. Wengine walijikojolea kwa kuogopa kwenda chooni, kwa sababu choo cha shule kipo upande wa shamba. Paka akiruka juu ya bati, darasa zima linaingia chini ya madawati. Devota alijaribu nyimbo, alijaribu pipi, hakuna kilichosaidia. Ndipo asubuhi moja akawakalisha sakafuni akaanza kuwasimulia habari za msichana anayeitwa Pili.

Pili anaishi na bibi yake pembeni mwa shamba. Jioni tembo anakuja. Bibi anazima koroboi, anamvuta Pili chini, wanakaa sakafuni wameshikana mikono. Kisha wanasikiliza. "Bibi, hiyo sauti ni nini?" "Ni mahindi yanavunjika." "Na hiyo?" "Ni tumbo lake linanguruma, ana njaa." "Na hiyo?" "Ni sikio lake, anajipepea." Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo. Mlango haufunguliwi. Tembo anakula, anazunguka, anapita. Asubuhi wanatoka wanakuta nyayo zake zimejaa maji ya mvua, na kifaranga anakunywa humo.

Watoto waliipenda kupita kiasi. Wakataka irudiwe kila siku, na kila siku Devota alitoka nje, akawa tembo, akalizunguka darasa kwa vishindo huku wao ndani wameshikana mikono, kimya. Kazi hiyo ilimfaa kuliko kukaa kwenye kiti. Taratibu wakaanza tena kwenda chooni.

Mwaka uliofuata kulikuwa na semina Iringa mjini ya walimu wa awali, iliyoandaliwa na watu wanaochapisha vitabu vya watoto. Devota akaichora hadithi ile kwa kalamu za rangi za darasani. Hakuna ukurasa hata mmoja ambao tembo anaonekana mzima. Ukurasa huu ni mguu kwenye upenyo wa mlango, ule ni sikio linapita dirishani kama blanketi lililoanikwa, ule mwingine ni mkia tu. Mwezeshaji alimuuliza kwa nini. "Mtu aliye ndani ya nyumba anaona hivyo," Devota alisema. Kitabu kikatoka, kikaitwa *Acha Apite*, na kikasambazwa kwenye shule za Iringa na Mbeya. Wazazi wa Idodi walikishika kwa mikono miwili kama kitabu cha nyimbo.

Hapo ndipo Nasrin alipoingia.

Nasrin ni mwanamke wa Mbeya, mzaliwa wa Mwanjelwa, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda kutoka pwani enzi hizo akafungua duka la vitambaa. Yeye duka halikumvutia. Alisomea mambo ya kompyuta, akafungua studio ndogo ya katuni, ghorofani juu ya duka la spea karibu na Kabwe. Binti yake alirudi na *Acha Apite* kutoka shuleni, akamlazimisha amsomee mpaka kurasa zikalegea. Nasrin akampigia Devota simu. Alitaka kukitengeneza kiwe katuni ya runinga, na lipo shirika la kulinda wanyamapori ambalo lingegharamia.

Walikutana Iringa, kwenye hoteli moja inayotazama bonde, wakaandikiana mkataba. Devota aliusoma ukurasa wa kwanza, akasaini wa mwisho. Katikati palikuwa na sentensi inayosema studio inaweza kuboresha hadithi ili ifae kwa runinga. Hakuona ubaya wowote kwenye neno kuboresha.

Kwa muda mrefu hakusikia kitu. Kisha siku moja, mwezi wa tano, simu yake ikalia, ikaja klipu fupi na maneno ya Nasrin: "Mwalimu, mwone mwanao."

Aliifungulia palepale uwanjani, chini ya jua. Pili alikuwa anatembea. Yule Pili wa kalamu za rangi, gauni lake lilelile la njano, alikuwa anapumua, anafikicha jicho. Devota aliweka mkono mdomoni. Kwenye klipu, Pili alisimama, akachukua hindi, akafungua mlango. Nje alikuwepo tembo mzima mzima, mwenye kope ndefu na tabasamu. Pili akamnyooshea hindi, tembo akalipokea kwa mkonga taratibu, na wimbo ukaanza: njoo, tembo, njoo.

Kuna kitu kilimchoma, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Alijiambia labda ni ndoto ya Pili, labda baadaye anaamka. Akawaonyesha walimu. Akaonyesha darasa. Halfani, mwenye kibanda umiza pale senta, wanakoonyeshea mpira, akaomba arushiwe, akaionyesha kwenye runinga yake kubwa kabla ya mechi. Kwa wiki nzima kijiji kizima kiliimba njoo, tembo, njoo. Devota alipita barabarani watu wakamwita mama Pili, naye akaitika.

Eveline ni mkwe wa marehemu mzee Amos. Mwanawe Lea alikuwa bado wa mgongoni babu yake alipokufa, na sasa alikuwa kwenye darasa la Devota, mtoto mwenye sauti ya juu kuliko wote. Jioni moja Eveline alikuwa jikoni, jiko lao la nje, anasonga ugali. Mbwa wakabweka upande wa shamba. Akasikia mahindi yanavunjika, akaondoa sufuria motoni ili akimbilie ndani alikomwacha mtoto. Alipogeuka, mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na Lea yupo katikati ya uwanja, hindi la kuchoma mkononi, amelinyoosha, anaimba.

Tembo alikuwa jike mwenye mtoto. Alitanua masikio.

Eveline hakumbuki alivyofika pale. Anakumbuka alimkamata mtoto kwa gauni, akakimbia, akajikwaa kwenye kizingiti, wakaangukia ndani na mkono wake chini ya uzito wa wote wawili. Nyuma yao jiko liling'olewa likaenda chini lote, bati na nguzo. Kisha tembo wakaondoka.

Kesho yake Devota alimkuta hospitalini Iringa, mkono umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Lea alikuwa amelala kando yake, mzima, amechubuka goti.

"Pole, mama Lea," Devota alisema.

"Nishapoa." Eveline aliangalia ukuta. "Nilimuuliza kwa nini ametoka, wakati kila siku namwambia asitoke. Unajua kasemaje? Kasema Pili naye alitoka."

Devota alivuta shuka akamfunika Lea goti.

"Sikulaumu, mwalimu. Nakueleza tu alichosema mtoto."

Devota alitoka, akalizunguka jengo la wodi, akalizunguka tena, mpaka mlinzi akamuuliza anatafuta nini.

Alimpigia Nasrin simu palepale hospitalini, amesimama chini ya mti wa mkrismasi uliokauka upande mmoja. Nasrin alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema pole, akasema ameumia, na akasema atazungumza na watu wa shirika. Siku zikapita. Devota alifuta ile klipu kwenye simu yake, akamwomba Halfani aifute, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu waifute. Wengine walifuta mbele yake. Wengine walisema wameshafuta, na akiwa bado hajatoka uwanjani akasikia wimbo ndani.

Darasani akarudisha mchezo wa zamani. Alizunguka nje kwa vishindo, na ndani akasikia watoto wanabishana nani afungue mlango ampe hindi.

Chakula kikamshinda. Usiku alilala kwa vipande. Shedrack alimvumilia, halafu jioni moja, wanakula, yaani yeye anakula na mke wake amesimama dirishani, akasema kilichokuwa moyoni.

"Mama Samwel, hili jambo umelibeba peke yako kama vile wewe ndiye uliyewaleta tembo. Katuni ni nzuri. Kule kambini niliwaonyesha wageni, wakafurahi."

"Wageni wako wanakaa ndani ya gari."

"Ndiyo, na hilo gari ndilo linalomsomesha Samwel. Watu wa huku wakiwachukia tembo wanawawekea sumu. Umesahau wale waliokutwa mtoni? Tembo wakiisha, mimi naendesha nini? Sasa wewe unataka watoto wafundishwe kuwachukia."

"Sitaki wawachukie. Nataka wakae ndani."

Shedrack alinawa mikono, akachukua muda kujifuta. "Basi nenda ukawaambie wenyewe," alisema. "Hapa dirishani hawakusikii."

Jumamosi akapanda basi la alfajiri hadi Iringa, akaunganisha la Mbeya. Tangazo lilikuwa limeshatoka: katuni ingeanza kuonyeshwa mwezi wa saba. Kuanzia Mafinga hadi Makambako alikuwa anapanga maneno, na kila aliyoyapanga yalimwishia midomoni. Igawa, watu waliposhuka kununua vitumbua, yeye alishuka akatembea kuzunguka basi mpaka kondakta akamwuliza kama anaumwa. Mbeya alikuta mvua nyembamba na baridi, mlima Loleza umefunikwa na ukungu. Alipanda ngazi za studio akiwa amelowa mabega.

Alitegemea ofisi kubwa. Alikuta chumba kimoja kirefu, vijana watano wamevaa makoti mazito, kila mmoja na skrini yake, na mezani chupa ya chai na sahani ya maandazi. Kwenye skrini zote alikuwepo Pili: huku mkono tu, kule macho, pale ananyoosha gauni. Ukutani walikuwa wamebandika kurasa za kitabu chake, zile alizochora akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya darasa. Hasira aliyokuwa ameibeba kutoka Idodi ikachanganyikana na kitu kingine, akashindwa kuisema.

Nasrin alimletea kiti. Devota hakukaa.

"Mwalimu, nilikuwa naogopa kukupigia," Nasrin alisema. "Niseme ukweli, watu wa shirika niliwaeleza. Walisikitika sana. Lakini wao wanasema nia ya katuni ni watoto wampende tembo. Ukienda kule kusini mwa hifadhi utakuta mizoga. Mtoto anayempenda tembo leo hatamwekea sumu kesho. Na mimi kusema kweli nakubaliana nao."

"Hata mume wangu anakubaliana nao," Devota alisema.

"Sasa tufanyeje?"

"Kwenye kitabu changu mlango haufunguki."

Nasrin alishusha pumzi. "Kitabu mtoto anakishika, anarudi nyuma, anauliza maswali, bibi yupo. Tivii haimsubiri mtu. Nikikaa katuni nzima ndani ya chumba chenye giza, mlango umefungwa, mtoto anahamia chaneli nyingine. Binti yangu mwenyewe angehama."

"Basi ondoeni jina langu."

Kijana mmoja aliacha kuchora. Nasrin alimtazama Devota kwa upole.

"Jina naweza kuliondoa leo," alisema. "Lakini Pili atafungua mlango vilevile."

Devota alikwenda dirishani. Chini bajaji zilikuwa zinapishana kwenye matope, mtu amejifunika nailoni anauza parachichi. Alikuwa amekuja na tishio moja tu na tayari lilikuwa limekwisha. Alifikiria kushuka ngazi. Alifikiria ule mkono wa Eveline, na Lea, ambaye tangu siku ile alikuwa hajaimba chochote darasani.

Nyuma yake Nasrin akasema, polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hivi mle ndani huwa kunakuwaje? Mimi tembo nimemwona kwa mbali tu, kwenye gari. Sijui mtu aliye ndani anasikia nini."

Devota aligeuka. Aliweka mkoba mezani, akavua viatu vilivyolowa, akakaa chini. Alikaa sakafuni kabisa, katikati ya nyaya za kompyuta.

"Zimeni taa," alisema. "Njooni hapa."

Vijana waliangaliana. Nasrin ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja, akakunja gauni lake akakaa, na wengine wakafuata na makoti yao. Mvua ilikuwa inanyesha batini. Devota akawashikanisha mikono, kisha akaanza kwa sauti ya chini ambayo watoto wake wanaijua, ile inayokulazimisha kuacha kupumua ili uisikie. Hakuwasimulia. Aliwauliza. "Hiyo ni nini? Hapana, usijibu haraka. Sikiliza." Aliguna kwa tumbo, akakwaruza sakafu kwa kucha, akapitisha khanga yake yenye unyevu juu ya vichwa vyao bila kuwagusa. Msichana mmoja mchoraji alimkamata mwenzake begani. Devota akawaambia jinsi harufu inavyotangulia, jinsi ukuta wa tofali mbichi unavyotoa vumbi tembo akijikuna, jinsi mtoto anavyotaka kukohoa wakati huohuo na bibi anavyomwekea kiganja mdomoni. Akawaambia kwamba kuna wakati, akiwa karibu kabisa, hofu inakwisha kidogo, na unasikia tu kiumbe kikubwa kinakula, na unamwonea huruma kwa njaa yake. Hilo hakuwa ameliandika kwenye kitabu. Hakuwa amelisema popote.

Alipomaliza hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Nasrin alikuwa ameshika simu kifuani, anarekodi.

"Mwalimu," alisema, "naomba unirudie hicho cha mwisho."

Mambo hayakunyooka baada ya hapo. Watu wa shirika walikutana mara kadhaa na kila mara walirudi na jambo jipya. Mwezi wa saba ukapita, nafasi ya kwenye runinga ikachukuliwa na kipindi kingine. Vijana wawili wa studio wakaondoka kutafuta kazi isiyobadilishwa njiani. Nasrin alipiga simu siku nyingine akiwa na hasira, akamwambia Devota kwamba amemwingiza kwenye hasara, na siku ya pili akapiga kuomba radhi. Devota naye hakupata alichotaka chote. Alitaka tembo asionekane mzima, akakataliwa: wimbo ulibaki, kope ndefu zilibaki. Alikubaliwa mlango. Pili hafungui. Anaimba wimbo akiwa ndani, kwa kunong'ona, na asubuhi baba, ambaye studio ilimwongeza, anambeba mabegani kumwonyesha tembo wakiwa mbali, ng'ambo ya mto. Na sauti ya bibi ni ya Devota mwenyewe, ileile iliyorekodiwa sakafuni, na mvua ya Mbeya inasikika nyuma yake.

Ilionyeshwa Jumapili moja mchana, mwezi wa kumi na moja. Halfani alifunga biashara ya mpira, akaingiza watoto bila kiingilio, wakajaa hadi kwenye madirisha. Wazazi waliotoka kanisani walisimama nje na nguo zao za ibada. Eveline alikuja, mkono umeshatolewa plasta lakini bado anaubeba kwa mkono mwingine. Lea alikaa mbele. Devota hakuingia, alisimama mlangoni, anaingia anatoka, mpaka Halfani akamwambia, "Mwalimu, unatuzibia mwanga."

Ilipofika kwenye giza na sauti ya bibi ikatoka, mtoto mmoja alianza kulia, akatolewa nje. Mwingine akasema kwa sauti, "Huyo siyo madam?" Wakacheka. Kisha wakanyamaza. Devota aliitazama migongo yao na hakujua wananyamaza kwa sababu gani, kwa kuogopa au kwa kuchoka au kwa kusikiliza. Ilipokwisha, mvulana mmoja akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, ile ambayo tembo anapokea hindi. Wenzake wakakubali.

Lea alitoka akampita mwalimu wake mlangoni. Eveline akasimama.

"Afadhali hii," alisema.

"Wameipenda?"

"Mimi sijui, mwalimu. Mimi nimesema afadhali."

Baadaye Nasrin alimtumia maoni ya watazamaji. Mama mmoja wa Dar es Salaam alilalamika kwamba mwanawe hakulala. Mwalimu wa Ubaruku, ambako tembo wanaingia kwenye mpunga, aliomba kanda aonyeshe shuleni kwake. Watu wa shirika walisema wameridhika, kwa maneno machache. Shedrack aliitazama mara mbili kambini na wageni, akarudi akasema wageni waliuliza yule bibi ni nani. "Nikawaambia ni mke wangu," alisema, na alionekana kufurahi, ingawa hakusema kama amebadili mawazo.

Mwezi wa kwanza Devota alikuwa stendi ya Iringa, Igumbilo, amempeleka Samwel bweni na anasubiri gari la kurudi. Kama kawaida alikuwa anatembea, kutoka kwenye kibanda cha tiketi hadi kwenye meza za matunda na kurudi. Akasikia wimbo. Kwenye benchi alikaa mama mwenye mizigo, na mtoto wake wa kike, wa umri wa darasa la awali, ameinamia simu. Devota alisogea. Ilikuwa ile ya kwanza. Mlango ulikuwa unafunguka.

"Samahani, dada," alisema. "Hiyo mmeipata wapi?"

"Kanitumia wifi yangu. Anaipenda, hataki kuiacha."

Devota akachuchumaa, akaanza kueleza: kwamba ipo nyingine, mpya, kwamba hii si sahihi, kwamba kuna mtoto alitoka nje kwa sababu ya hii na mama yake akavunjika mkono. Alieleza haraka, maneno yakigongana. Mtoto aliinua macho akamwangalia, kisha akarudi kwenye simu, kwa sababu hindi lilikuwa linapokelewa. Yule mama alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sisi ni wa Makete, dada," alisema. "Kwetu hakuna tembo."

Devota alibaki amechuchumaa. Gari la Idodi lilikuwa limeanza kupiga honi. Alisema asante, sijui kwa nini alisema asante, akainuka, akatembea hadi kwenye gari, na kabla ya kupanda akarudi tena kwenye benchi.

"Hata hivyo," alisema, "mfutie."

Yule mama alitabasamu, akasema atafuta wakifika. Devota akakimbilia gari, akapata nafasi, na alikaa njia nzima akiangalia nyuma.